Uso wa Andazi

Katika nyumba nyingi za Tanga mtoto hatoki mlangoni asubuhi kabla hajapakwa mafuta. Huanzwa miguu, ikafuata mikono, ikafuata shingo, na uso ukamalizia kwa utelezi uliobaki kiganjani. Mtoto aliyepauka huiaibisha nyumba nzima. Majirani wataanza kuuliza kama mama yake mgonjwa. Mwandishi wa kumbukumbu hizi, aliyelelewa Ngamiani na bibi mzaa mama, alikwenda shule aking'aa kuanzia utosini hadi visiginoni, na hakuna aliyeona ubaya wowote mpaka alipokaribia kumaliza darasa la saba. Hapo paji la uso, pua na kidevu vikaanza kutoa mafuta yake vyenyewe. Mafuta ya nazi ya bibi yakakuta wenyeji wameshafika.

Wenzake wakamwita Andazi, kwa sababu andazi likiwekwa juu ya gazeti huacha doa. Bibi alipolisikia jina hilo alicheka kwanza, kisha akakasirika, kisha akaenda kuchukua jiwe.

Lilikuwa jiwe la kusagia liwa, lililolika katikati kwa kusuguliwa tangu enzi za mama yake bibi. Kipande cha mti wa liwa, kisichozidi kidole gumba, kilisuguliwa polepole kwa marashi ya waridi mpaka ukapatikana uji mzito wenye harufu iliyofika uani. "Kaa hapa, mjukuu wangu," bibi alisema. "Usiongee wala usicheke. Ukicheka itapasuka." Kabla ya kupakwa, uso ulioshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ukakaushwa kwa kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa. Paji, pua na kidevu vilipata liwa ya kutosha. Mashavu yalipewa kidogo tu. Ilipokauka na kuanza kuvuta ngozi, ilioshwa. Na siku ya liwa bibi alikuwa na amri moja zaidi: uso usiguswe na mafuta mpaka kesho yake. "Nitakuwa nimesaga bure," alisema.

Sifa zote zilikwenda kwa liwa. Ukiangalia vizuri, amri ile ya mwisho ndiyo iliyofanya kazi kubwa.

Si kwamba liwa haina maana. Unga wowote laini unaokauka juu ya ngozi hunyonya mafuta yaliyo juu, na maji yake yanapokauka huacha ubaridi unaopendeza katika mji wenye joto na unyevu kama Tanga. Bibi huyo alikuwa fundi wa mambo haya. Mtaani aliitwa kila palipokuwa na harusi, akatengeneza singo ya asumini, waridi, mrehani, langilangi, karafuu na liwa, akamsugua bibi harusi mwili mzima. Lakini hata yeye singo hakuipaka usoni kwa msichana mwenye chunusi. Karafuu, alisema, haina urafiki na kidonda. Ni maneno ambayo daktari wa ngozi angeyakubali bila kubadilisha kitu, kwa kuwa mafuta ya karafuu huwasha ngozi iliyochubuka.

Siku hizi liwa halisi ni ghali, na nyingi inayouzwa mitaani ni unga wa mti mwingine uliotiwa harufu. Kuna sababu. Msandali wa Afrika Mashariki, mmoja wa miti ya liwa, ulivunwa ovyo kiasi kwamba Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na 2013 ukaingizwa katika orodha ya CITES ya mimea ambayo biashara yake ya kimataifa hudhibitiwa. Anayeuziwa mfuko mkubwa kwa bei ya vitumbua ajue hakununua liwa.

Sasa mafuta yenyewe yanatoka wapi? Bibi alilaumu karanga. Kwa muda mrefu mjukuu alikatazwa karanga, mayai na nyama yenye shahamu, akawa anazitazama karanga za kukaanga za mchuuzi wa mtaani kama mtu aliyefungwa jela. Kumbe mafuta ya ngozi hayatoki sahanini kwenda usoni moja kwa moja. Hutengenezwa na tezi ndogo zilizo ndani ya ngozi, nyingi zikiwa zimeshikamana na mashina ya vinyweleo. Usoni na kichwani zimo kwa mamia katika kila sentimita moja ya mraba, na katika viganja na nyayo hazimo kabisa. Zinazoziamrisha ni homoni za kundi la androjeni, ambazo wanaume na wanawake wote wanazo. Mtoto mchanga huzaliwa tezi zake zikiwa na nguvu kwa sababu ya homoni za mama. Baada ya miezi hulala, zikalala miaka, mpaka balehe inapozigutusha.

Hapo ndipo desturi ya kupaka mafuta inapoeleweka. Mtoto wa miaka mitano kwa kweli ana ngozi kavu. Tezi zake zimelala, maji ya kisima yana chumvi, sabuni ni kali, na mafuta ya nazi humsaidia. Bibi hakukosea hata kidogo. Tatizo ni kwamba mwili wa mtoto hubadilika bila kutoa taarifa, na mkono wa asubuhi unaendelea kupaka kama ulivyozoea.

Kuhusu chakula, bibi alikuwa amelenga kando kidogo tu. Mwaka 2007 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya vijana wa kiume 43 wenye chunusi: waliowekwa kwenye mlo usiopandisha sukari ya damu kwa kasi walipungukiwa na chunusi kuliko wenzao baada ya majuma 12. Walipungua uzito pia, kwa hiyo si rahisi kusema ni kipi hasa kilichosaidia. Hata hivyo, kama kuna kitu cha kuchungulia katika meza ya chai ya Pwani, ni vijiko vya sukari kikombeni kabla ya karanga.

Kisha ikaja Lushoto. Mjukuu alipopelekwa shule ya bweni huko juu kwenye milima ya Usambara, uso ulitulia bila dawa yoyote. Bibi alidai ni dua zake. Wasichana wa bweni walidai ni maji ya mlimani. Maelezo ya kawaida zaidi ni baridi: utafiti wa Uingereza wa 1970 ulionyesha kwamba joto la ngozi likipanda nyuzi moja ya Selsiasi, mafuta yanayotoka huongezeka kwa takriban asilimia 10. Kutoka ufukweni hadi Lushoto, mji ulio takriban meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, ngozi hupoa, na mafuta hupungua. Kila likizo aliporudi Tanga, Andazi alirudi naye.

Chuo kikuu cha Dar es Salaam kilimkuta na uso wa joto la Pwani, homoni za ujana na chumba cha wasichana wanne. Bweni lilikuwa maabara. Juu ya dirisha palikuwa na ndimu zilizokatwa nusu, kopo la bekingi soda, asali ya Tabora kwenye chupa ya maji, mayai yaliyoibwa kwenye mpango wa chapati, na dawa ya meno ambayo hakuna aliyejua tena ni ya nani. Kila mmoja alikuwa na dada yake, shangazi yake au jirani yake aliyepona. Na wote walishika imani moja: ikiwasha, ujue inafanya kazi.

Imani hiyo ina mizizi mirefu. Dawa chungu ndiyo dawa, sindano inayouma ndiyo sindano. Watu wazima wengi hawamwamini daktari anayewarudisha nyumbani na maji na sabuni laini, na wanamwamini mtu yeyote anayewapa kitu cha kuwatoa machozi. Kwa uso wenye mafuta, imani hii imeharibu ngozi nyingi kuliko chunusi zenyewe.

Chukua ndimu. Msichana mmoja wa chumba kile, mtoto wa Songea, mwerevu wa hesabu kuliko wote, alijipaka maji ya ndimu asubuhi, akaacha yakauke, akatoka kwenda vipindini saa nne juani. Siku ile hapakuwa na kitu. Kesho yake shavu likawa jekundu na kuuma. Keshokutwa ikajitokeza michirizi myeusi iliyoshuka kutoka shavuni hadi kwenye taya, ikifuata njia yote ambayo matone ya ndimu yalipita. Michirizi ile ilikaa miezi. Msichana wa watu akavaa mtandio kiangazi kizima, na waliomwona wakadhani amekuwa mcha Mungu ghafla.

Kilichomtokea kinajulikana vizuri. Ndimu na jamii yake zina viini vinavyoitwa furanokumarini. Vikikaa juu ya ngozi na kupigwa na mionzi ya jua, hugeuka na kuiunguza, na ngozi nyeusi au ya maji ya kunde hujibu kwa kutengeneza rangi nyingi mahali palipoungua. Mkoa wenye jua kama Dar es Salaam ni mahali pabaya kabisa pa kufanyia jaribio hilo. Juu ya hayo kuna ukali wa tindikali yenyewe. Ngozi yenye afya ina pH ya takriban 5. Maji ya ndimu yako karibu na 2. Kila hatua moja ya kipimo hicho ni mara kumi, kwa hiyo ndimu ni kali kuliko ngozi kwa takriban mara elfu moja. Unaweza kuila. Kuilaza shavuni ni jambo jingine.

Bekingi soda inakosea kwa upande wa pili. Ikichanganywa na maji hupanda kwenye pH ya 8 na ushee, na sabuni ya mche, ile ya kufulia inayokatwa vipande, hupanda zaidi, kati ya 9 na 10. Zote mbili huondoa mafuta kweli, hilo halipingiki. Lakini huondoa pia ulinzi wa asili wa ngozi, ule utando mwepesi wenye tindikali unaosaidia kuzuia vijidudu. Uso hubaki umekakamaa, ukaanza kuwasha na kuchubuka, na mwenye uso anayetafsiri kukakamaa kuwa ni usafi hurudia tena jioni.

Dawa ya meno hukausha chunusi na kuiunguza kwa pamoja. Ute wa yai hukauka, ukavuta, mtu akadhani vitundu vya ngozi vimefunga, kumbe vitarudi vilevile akiosha; na yai bichi laweza kubeba bakteria wa salmonela, jambo lisilopendeza karibu na mdomo. Manjano yalimpa mwandishi uso wa rangi ya pilau na foronya isiyotakata tena.

Asali inastahili heshima kidogo zaidi, maana ina uwezo wa kuua bakteria na watu wameitumia kwa vidonda tangu zamani. Hata hivyo, ilipojaribiwa kwa makini New Zealand kwa watu 136 wenye chunusi, matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kuwa kuongeza asali ya kanuka juu ya sabuni ya kuua vijidudu hakukuleta nafuu kubwa kuliko sabuni hiyo peke yake. Kwa hiyo asali ya Tabora iliyomwagika kwenye mashuka ya bweni ingefanya kazi nzuri zaidi ndani ya chai, ikichukua nafasi ya baadhi ya ile sukari.

Kuna kitu kimoja ambacho bweni zima halikukifikiria, na kilikuwa karibu kuliko vyote: udongo. Katika vilima vya Pugu, njia ya Kisarawe, kuna hazina kubwa ya kaolini, udongo mweupe laini ambao viwanda vya vipodozi duniani huutumia kutengeneza vinyago vya uso wenye mafuta. Maduka ya Kihindi ya Mombasa na Dar es Salaam nayo yameuza kwa miaka mingi udongo wa Multan kwa kazi hiyohiyo. Siri yake haina uchawi. Chembe za udongo ni ndogo mno na kwa pamoja zina eneo kubwa la kushikia mafuta, na ndiyo maana zamani wasafishaji wa sufu walitumia udongo wa aina hiyo kutoa mafuta ya kondoo kwenye nguo. Hauponyi chunusi wala hauzimi tezi. Hupunguza mng'ao kwa saa kadhaa. Mwandishi angeshauri ununuliwe uliosafishwa kwa ajili ya ngozi, si ule wa kuchimba mwenyewe kando ya barabara wala udongo wa kutafuna unaouzwa kwa wajawazito, uoshwe ukiwa bado una unyevunyevu kabla haujapasuka, na itoshe mara moja au mbili kwa wiki.

Mambo yalikaa sawa alipomwona daktari wa ngozi, baada ya chunusi kujipanga kama uzio kwenye mpaka wa nywele. Daktari hakuanza na uso.

"Nywele unapaka nini, dada?"

"Mafuta ya nazi, daktari. Na ya mgando kwenye ncha."

"Na usiku unafunga kitambaa?"

"Ndiyo. Kilekile kila siku."

Mwaka 1970 madaktari watatu, Plewig, Fulton na Kligman, walieleza katika jarida la kitabibu la Marekani aina ya chunusi inayotokea kwenye paji na pembezoni mwa uso kwa watu wanaopaka mafuta mazito ya nywele, wengi wao wakiwa Waamerika weusi. Mafuta huteremka kwa joto, yakaziba vitundu, vitundu vikavimba. Wasomaji wengi wa Pwani watajiona katika maelezo hayo bila kulazimika kusafiri. Daktari aliagiza mafuta ya nazi yabaki kwenye ncha za nywele na kwenye miguu, kitambaa cha usiku kifuliwe, uso uoshwe asubuhi na jioni kwa sabuni laini isiyo na harufu kali, na kila baada ya kutoka jasho jingi. Hakuandika ndimu. Aliongeza pia jambo ambalo wazazi wengi wangelipokea kwa mshangao: mtoto akishafika miaka tisa au kumi, mpakeni miguu na mikono kama kawaida, uso muuache.

Bibi alipopelekewa ujumbe huo kwa simu alinyamaza kidogo. "Kwani mimi nilikwambia nini siku ya liwa?" akauliza. Haki yake.

Liko tawi moja la hadithi hii lisilochekesha. Msichana anayekwenda dukani kuomba kitu cha kukata mafuta usoni mara nyingi hupewa kijikopo kisicho na lebo, au mchanganyiko uliokorogwa nyuma ya kaunta. Mkorogo hulainisha uso haraka, na chunusi hutoweka kwa wiki chache, kwa sababu mara nyingi ndani yake mna steroidi kali. Ukiacha, zinarudi zikiwa nyingi zaidi, na ngozi imekuwa nyembamba. Mingine ina haidrokwinoni au zebaki. Mkataba wa Minamata uliopitishwa 2013 uliweka 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni, na nchini Tanzania udhibiti wa vipodozi umekuwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu 2019. Sheria ipo. Kijikopo nacho bado kipo.

Leo mwandishi ana miaka arobaini na kitu na uso wake bado hung'aa ifikapo saa saba mchana. Ameacha kupigana nao. Kwenye mkoba hubeba karatasi laini ya kubandika usoni bila kusugua, ikanyonya mng'ao. Kwenye bafu kuna sabuni laini, kopo la kaolini, na krimu nyepesi ya kukinga jua, kwa sababu madoa meusi yanayoachwa na chunusi hukolea zaidi yakipigwa na jua. Mshubiri umepandwa kwenye kopo la rangi barazani. Utomvu wake mweupe wa ndani hutuliza ngozi iliyowashwa. Ule wa manjano unaotoka chini ya ganda huwasha, kwa hiyo huachwa uchuruzike kwanza. Kitu kipya chochote hujaribiwa ndani ya kiwiko na kusubiriwa siku mbili kabla hakijafika usoni.

Kwa msomaji mwenye mng'ao tu, hayo yanatosha, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kijikopo cha dukani. Lakini jikoni kuna mwisho wake. Vinundu vinavyouma, vinavyoacha makovu, au chunusi zisizopungua baada ya miezi mitatu ya kuosha vizuri, zipelekwe hospitali. Mwanamke ambaye mafuta na chunusi vimemjia pamoja na ndevu na hedhi isiyo na mpangilio aende pia, maana huenda chanzo ni homoni na kinapimika. Tanzania ina kituo cha kanda cha kufundisha tiba ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanzishwa 1992, na wataalamu waliosomea hapo wamesambaa katika nchi nyingi za Afrika; anzia kituo cha afya kilicho karibu na uombe rufaa. Na ukiwa mjamzito au unatarajia kuwa, mwambie daktari kabla hajaandika chochote: isotretinoini, dawa ya kumeza inayopunguza mafuta ya ngozi kuliko nyingine zote, hudhuru vibaya mtoto aliye tumboni.